Kijana wa sekondari hatulii vitabuni: tuanze na usiku kabla ya kumpa jina la ugonjwa

#1 Zamu_ya_Usiku

Wadau, kila muhula ukifika katikati maswali ni yale yale. Kijana wa Gredi ya Kumi au Kidato cha Tatu anasoma ukurasa mmoja mara nne na hakuna kinachobaki. Daftari la kemia limesahaulika nyumbani, mwalimu anasema mwili uko darasani lakini akili iko stejini. Mzazi anauliza: hii ni ADHD, ile hali ya kukosa umakini na kutotulia? Nafungua uzi huu tuelekezane mahali pamoja. Naanza na usingizi, maana kwa watoto wengi wa Nairobi hapo ndipo hesabu hukataa.

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi kwa siku. Sasa chukua kalamu. Basi la shule linapita Umoja saa kumi na moja na robo alfajiri ili liwahi kabla Barabara ya Jogoo haijafunga. Kuamka ni saa kumi na dakika 40. Rudi nyuma saa 8: alipaswa kuwa amelala fofofo saa mbili na dakika 40 usiku. Saa hiyo nyumba nyingi ndiyo kwanza maji ya ugali yanachemka.

Juu ya hapo, balehe yenyewe inachelewesha saa ya mwili kwa saa moja hadi mbili. Melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba giza limeingia, kwa kijana huanza kutoka kwa kuchelewa kuliko kwa mdogo wake wa darasa la tatu. Ukimwamuru alale saa mbili atahesabu mabati. Si ukaidi.

Akilala saa tano na kuamka saa kumi na dakika 40, amepata saa 5 na dakika 40. Hata tukimhesabia saa 8 tu, kila usiku anakopa saa 2 na dakika 20, na kufikia Ijumaa deni ni saa 11 na dakika 40. Watu hudhani mtoto mwenye deni hilo atasinzia tu. Wengine hufanya kinyume: mguu unatikisika chini ya dawati, anaropoka, anamchokoza jirani, maana mwili unajichochea usizime. Mwalimu anaona utundu.

Kabla hamjaenda popote, jazeni daftari la siku 14. Kitabu cha mazoezi cha kurasa 32 kinatosha. Safu ni hizi: saa ya kuzima taa, saa anayokisia alilala, saa ya kuamka, simu ilikuwa wapi usiku, chai, kahawa au kinywaji cha nguvu, kiasi na saa, alama ya umakini kutoka 0 hadi 10 saa nne asubuhi, na nyingine saa nane mchana. Safu za usiku zijazwe asubuhi. Anayekodolea saa usiku ili aandike kwa usahihi anajifukuzia usingizi mwenyewe. Wiki ya kwanza msibadilishe chochote. Wiki ya pili badilisheni kitu kimoja tu. Na ajaze kijana mwenyewe. Likijazwa na mzazi linageuka daftari la polisi, na yatakayoandikwa humo ni uongo mtupu.

#2 Chaki_na_Vumbi

Asante kwa uzi. Naongeza upande wa shule, kwa sababu lawama zote zisiishie sebuleni.

Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinasema shule ya kutwa inafundisha kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, kisha michezo na shughuli nyingine hadi saa kumi na moja kasorobo. Kwa bweni, muda wa kulala ni saa tatu na nusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, yaani saa 8 na nusu. Prepu ya saa kumi na nusu alfajiri haimo humo. Wazazi wanaokaa kwenye bodi ya shule wanaweza kuiweka hoja hii mezani kwa lugha ya kanuni badala ya lugha ya malalamiko. Huwa inasikika tofauti.

Darasani, mambo madogo yanayosaidia kweli: dawati la mbele upande ulio mbali na dirisha na mlango, maagizo hatua moja moja na kuandikwa ubaoni, si kusemwa tu, zoezi la maswali 20 ligawanywe matano matano, akimaliza alete yasahihishwe. Hilo la mwisho lina siri: linampa sababu halali ya kusimama na kutembea hatua kumi. Kisichosaidia ni kumwambia "kuwa makini". Hakuna mtoto aliyewahi kujua afanye nini na sentensi hiyo.

#3 Mlezi_Eastlando

Naomba kuuliza kabla hamjafika mbali. Kila mwongozo wa usingizi unaanza na "chumba chake kiwe na giza na utulivu". Chumba chake kipi? Nyumba ni chumba kimoja, pazia katikati, TV upande wa pili, mtoto mchanga analia, baba anarudi saa nne usiku na ndipo anapakuliwa. Hapo mnashauri nini?

#4 Zamu_ya_Usiku

Mlezi, swali limekuja wakati wake. Kwa nyumba ya namna hiyo:

Panga upya jioni badala ya chumba. Kijana akirudi saa kumi na mbili na nusu, homuweki ianze kabla ya chakula, dakika 20 baada ya kuoga na kunywa maji, meza ikiwa bado ni yake. Chakula kiwe kimeliwa kufikia saa moja na nusu. Hilo linawezekana ikiwa maharagwe au githeri ilichemshwa Jumapili na kilichobaki ni kukaanga. Kazi ya shule ikisubiri hadi sufuria zioshwe, ndiyo inayosukuma kulala hadi saa tano.

Giza: shuka jepesi halizuii kitu. Tundika blanketi kuukuu juu ya lile pazia, na upande wa watu wazima taa kubwa izimwe saa tatu, ibaki balbu ya wati 3 yenye mwanga wa manjano iliyowekwa chini ya usawa wa meza. Leso iliyokunjwa mara nne na kufungwa machoni inafanya kazi kama vitambaa vinavyouzwa dukani. Sauti: TV itumie spika za masikioni baada ya saa tatu, au kijana atumie vizibo vya masikio vya sponji, vinapatikana kwenye duka la dawa. Kizibo husokotwa kiwe chembamba, sikio huvutwa juu na nyuma kwa mkono mwingine, kinaingizwa na kushikiliwa mpaka kijae. Wengi hukisukuma tu kama kifuniko cha chupa, kinaning'inia nje, halafu wanasema hakifanyi kazi.

Saa ya kulala isogezwe kidogo kidogo: dakika 15 mapema kila baada ya siku mbili au tatu. Kuruka kutoka saa tano hadi saa tatu kwa usiku mmoja hakuwezi kufaulu.

Mwangaza wa asubuhi ndio unaovuta saa ya mwili irudi nyuma, na hapa Nairobi ina mtego wake. Jua letu huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, kwa hiyo mtoto wa basi la alfajiri huondoka gizani na kuingia moja kwa moja kwenye taa za darasani. Nje, hata siku ya mawingu ya Julai, mwanga ni maelfu ya luksi; ndani ya chumba ni mia moja, mia mbili hivi. Basi mapumziko ya asubuhi yote ayatumie nje, si kwenye veranda. Akae uwanjani.

Wikendi asizidishe saa moja na nusu hadi mbili juu ya muda wake wa kawaida wa kuamka. Anayeamka saa sita mchana Jumapili hatapata usingizi Jumapili usiku, na Jumatatu ndiyo hiyo. Bora alale mapema Ijumaa. Usingizi mfupi wa mchana ni sawa: dakika 20 hadi 30, umalizike kabla ya saa kumi jioni.

#5 Simu_Chini

Niingie kwenye kifaa chenyewe.

Utafiti unaotajwa sana ni wa Los Angeles uliochapishwa 2018: vijana 2,587 wa miaka 15 na 16 kutoka shule 10, wote bila dalili nyingi za ADHD mwanzoni, wakafuatwa miezi 24. Miongoni mwa wale ambao hawakutumia huduma yoyote ya kidijitali mara kwa mara, asilimia 4.6 walikuja kuonyesha dalili. Waliotumia aina zote 14 kwa wingi, asilimia 10.5. Huo ni uhusiano, haujathibitisha chanzo. Kijana asiyetulia huenda ndiye anayekimbilia simu. Tena soma namba kwa upande wa pili: karibu 9 kati ya 10 wa kundi zito hawakupata dalili hizo. Kwa hiyo "simu imeharibu ubongo wake" tuiweke kando, tushughulike na mambo mawili ambayo hayana ubishi: simu inakula saa za kulala, na inakatiza kazi.

Usiku. Watu wamezoea kulaumu mwanga wa bluu. Huo ni mchango mdogo. Kinachomweka macho ni kile anachotazama, video zisizo na mwisho na kundi la darasa linalowaka saa tano usiku, hasa akiwa na bando la usiku linaloisha saa kumi na moja na anaona haya kulipoteza. Ukiweka kioo rangi ya manjano na kuacha kundi liwe hai, hujafanya kitu.

Simu ichajiwe nje ya anapolala. Kwenye chumba kimoja, iwe kwenye soketi iliyo karibu na mlango, upande wa watu wazima, na simu za watu wazima zikae hapo hapo. Sheria inayomhusu mtoto peke yake haimalizi wiki. Kisingizio cha kwanza huwa ni kengele ya kumwamsha, kwa hiyo nunua saa ndogo ya mezani ya betri. Kisingizio cha pili ni "nikipigiwa je?" Hamishia laini kwenye kabambe, simu ndogo ya vitufe, kuanzia saa mbili na nusu. Kabambe inapiga, inapokea, na haina cha kukodolea.

Kinachoharibika mara nyingi: mzazi anapokonya simu kwa hasira baada ya matokeo mabaya. Wiki mbili baadaye kuna simu ya pili iliyonunuliwa River Road, imefichwa ndani ya foronya. Makubaliano yaandikwe siku ambayo hakuna ugomvi, yawe na saa maalum za kuipata, siyo saa za kunyimwa tu.

Wakati wa kusoma: simu isiwe chini ya kitabu wala mfukoni, iwe upande ule mwingine wa nyumba. Zima arifa zote isipokuwa simu za kupigiwa. Dakika 25 za kazi, 5 za kupumzika. Kwa anayehangaika sana anza na 10 kwa 3, kisha ongeza dakika 2 kila siku ya tatu. Mapumziko yasiwe ya simu, maana hayarudi. Asimame, anywe maji, aanike nguo mbili. Kando ya kitabu pawe na karatasi moja ya mawazo yanayokatiza: akikumbuka kwamba anadaiwa kalamu na rafiki, aandike neno "kalamu" aendelee. Na kabla hajaanza, aandike hatua ya kwanza kwa udogo wa kuchekesha: "fungua ukurasa wa 84, nakili swali la 1". Kijana wa namna hii hukwama mlangoni; akishaingia huwa anaenda.

#6 Sufuria_Nzito

Vinywaji vilitajwa kwenye daftari, hapo nichukue mimi.

Kafeini hupungua nusu mwilini kwa takriban saa 5. Soma lebo ya vile vinywaji vya nguvu vya chupa ya plastiki: vingi vina miligramu 30 hivi kwa kila mililita 100. Chupa ya mililita 500 yenye 32 kwa mia ina miligramu 160. Akiinywa saa kumi jioni akitoka shule, saa tatu usiku bado 80 zinazunguka, sawa na vikombe viwili vya chai. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilipendekeza mwaka 2015 kwamba watoto na vijana wasizidi miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kijana wa kilo 50 ni 150. Chupa moja imeshavuka. Madaktari wa watoto wa Marekani wanaenda mbali zaidi: vinywaji hivyo visitumiwe kabisa na watoto na vijana. Mduara wenyewe mnaujua. Hakulala, akanywa ili asisinzie, hakulala tena.

Chai yetu ya maziwa ina kati ya miligramu 30 na 50 kwa kikombe, ikitegemea majani na ilivyochemka. Asubuhi haina neno. Ile ya saa mbili usiku ndiyo ya kubadilisha na maziwa au uji.

Chai ina jambo la pili ambalo husahaulika. Tanini zake huzuia madini ya chuma yanayotoka kwenye mboga na nafaka yasifyonzwe. Msichana anayepata hedhi, anayekula sukuma na maharagwe huku kikombe cha chai kikiwa kando ya sahani, anaweza kuwa na upungufu wa chuma, na dalili zake ni uchovu, kusahau, kutokaza akili. Chai inywewe saa moja baada ya mlo. Kwenye sahani weka cha kuvuta chuma: kachumbari ya nyanya na ndimu, chungwa, au hoho mbichi. Na mkienda kupima msiridhike na himoglobini peke yake. Ferritini, ambayo ni akiba ya chuma, hushuka mapema. Chini ya mikrogramu 15 kwa lita ni upungufu kwa kipimo cha WHO, Shirika la Afya Duniani, lakini mtoto akiwa na homa au maambukizi ferritini hupanda kwa uongo, kwa hiyo pimeni akiwa mzima. Tembe za chuma zisianze bila kipimo.

Kiamsha kinywa cha chai na mandazi mawili hakifiki mapumziko ya saa nne. Ongeza kitu chenye protini: yai la kuchemsha, kiganja cha njugu, ndengu za jana, au uji wa wimbi uliotiwa maziwa na kijiko cha siagi ya njugu. Kwa anayeondoka saa kumi na moja alfajiri, tumbo halijaamka. Afunge yai na ngwaci (kiazi kitamu), ale akifika shuleni.

Sasa hadithi ya sukari. Uchambuzi uliojumlisha majaribio mengi, uliochapishwa Marekani mwaka 1995, haukuona kwamba sukari hubadilisha tabia au umakini wa watoto. Sababu za kupunguza sukari zipo, meno na uzito, lakini hii si mojawapo. Rangi za chakula ni habari nyingine. Jaribio la Southampton la 2007 liliona watoto wakizidisha kutotulia kidogo wakipewa mchanganyiko wa rangi fulani pamoja na sodiamu benzoeti, na tangu Julai 2010 Umoja wa Ulaya unadai onyo kwenye lebo kwa rangi sita: E102, E104, E110, E122, E124 na E129. Athari ni ndogo na si kwa kila mtoto. Lakini juisi ya unga na vitafunio vya machungwa mwangavu havina faida ya kukufanya usite kuviacha; geuza pakiti, tafuta namba hizo.

Omena mnaidharau. Ina mafuta ya omega-3, ni nafuu, na inapatikana kwa mama mboga. Mafuta hayo yamechunguzwa kwa watoto wenye ADHD na faida iliyoonekana ni ndogo, hayachukui nafasi ya dawa. Ioshwe kwa maji moto mara mbili mchanga uishe, ikaushwe, ikaangwe kwa kitunguu na nyanya. Mara mbili kwa wiki inatosha, na ni nafuu kuliko chupa za vidonge mnazouziwa mtandaoni.

#7 Mzee_Makadara

Siku hizi kila mtoto mtundu ana herufi nne. Zamani mbona tulinyooka? Fimbo mbili na kitabu kinasomwa.

#8 Chaki_na_Vumbi

Mzee wetu, shikamoo. Si ya siku hizi. Daktari George Still alieleza watoto wa namna hii kwenye mihadhara yake London mwaka 1902, na kabla yake Alexander Crichton aliandika juu ya umakini usiotulia mwaka 1798. Wa zamani wasionyooka waliacha shule, ndiyo maana hatuwakumbuki.

Fimbo shuleni imepigwa marufuku na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Ukiacha sheria, haifanyi kazi kwa shida hii. Mtoto huyu hashindwi kujua lililo sahihi, anashindwa kulishika wakati wake. Adhabu ya Ijumaa kwa kosa la Jumanne haigusi kitu. Kinachogusa ni jibu dogo la papo hapo: alama kwenye kadi kila kipindi alicholeta daftari, na kadi ikijaa alama 10 kuna kitu anachokitaka yeye, hata kama ni saa moja ya mpira zaidi.

#9 Kofia_Nyeupe

Mpaka hapa uzi ni mzuri, ila nina hofu moja. Msomaji anaweza kutoka hapa akiamini ADHD ni usingizi mbaya na chupa za plastiki. Sivyo. Ni hali ya ukuaji wa ubongo, inarithiwa kwa kiasi kikubwa, na kimataifa inakadiriwa kuwapata watoto 5 hivi kati ya 100. Mtindo wa maisha unaweza kuifanya iwe nzito zaidi, au kuiiga. Kazi ni kutenganisha.

Vigezo vya DSM-5, mwongozo wa Marekani wa 2013 wa kutambua magonjwa ya akili: dalili 6 au zaidi za kutokuwa makini kati ya 9, au 6 kati ya 9 za kutotulia na kukurupuka (kuanzia miaka 17 zinatosha 5), zimedumu miezi 6 au zaidi, baadhi zilionekana kabla ya miaka 12, zinaonekana sehemu mbili au zaidi, kwa mfano nyumbani na shuleni, na zinavuruga maisha. Hicho cha miaka 12 ndicho kichujio. Mtoto aliyekuwa sawa hadi darasa la nane, akaanza kupotea Kidato cha Pili, tafuta kitu kingine kwanza. Tafuta ripoti za zamani za shule, za darasa la pili, la nne. Maneno ya mwalimu wa wakati ule kama "anaongea sana" au "hamalizi kazi" yana thamani kuliko kumbukumbu za mzazi leo.

Wasichana hukosa kutambuliwa kwa sababu wengi wao hawasumbui. Wanazubaa. Darasa la watu 55 halimwoni anayezubaa kimya.

Kabla ya jina, yaangaliwe haya. Macho: anayekodoa ubao hana shida ya umakini, anahitaji miwani. Masikio. Kukoroma kila usiku na kulala mdomo wazi, mara nyingi mafindofindo makubwa, usingizi unakatika bila yeye kujua. Kuna aina ya kifafa ambayo mtoto haanguki: anakatika sekunde 5 hadi 15, macho yamesimama, hajibu akiguswa, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Aliyezubaa tu ukimgusa bega anarudi. Huyu wa kifafa harudi mpaka iishe. Mrekodi kwa simu, daktari atashukuru. Sonona na wasiwasi, ambavyo kwa kijana huonekana kama hasira au uvivu. Dislekisia, yaani shida ya kusoma: makini kwenye hesabu za mdomo, anapotea akipewa aya ya kusoma. Na bangi. Na muguka, ambayo ina kathinoni, kichangamshi kabisa: hapati usingizi, hana hamu ya kula, anaongea sana jioni, asubuhi hana nguvu, mfukoni kuna vipande vya majani na maganda ya njugu. Muulizeni kwa utulivu, msimpekue mbele ya wadogo zake.

Wapi pa kwenda. Kwa tathmini ya kielimu kuna vituo vya EARC chini ya Wizara ya Elimu, na KISE, taasisi ya elimu maalum pale Kasarani, wana kituo cha tathmini. Kwa kliniki, hospitali za Mathari na Kenyatta (KNH) zina wataalamu wa afya ya akili, anzia hospitali ya karibu upate rufaa. Bebeni daftari la siku 14, ripoti za zamani, na barua ya walimu wawili tofauti. Anayekwenda mikono mitupu hutumwa kuvitafuta na kupoteza miadi. Ikithibitika na mtihani wa taifa uko mbele, mwalimu mkuu awasilishe maombi ya msaada kwa baraza la mitihani, KNEC, wakati wa usajili, siyo mwezi wa mtihani.

Dawa kama methilifenideti hutolewa kwa agizo la daktari. Huongeza dopamini na noradrenalini kwenye njia za umakini, na kwa wengi zinafaa. Zinaweza kupunguza hamu ya kula na kuchelewesha usingizi, kwa hiyo humezwa asubuhi, baada ya chakula, na uzito, urefu, mapigo ya moyo na shinikizo la damu hufuatiliwa. Asigawie mwenzake kidonge wakati wa mtihani. Na mtoto anayeendelea vizuri kwa dawa asiachishwe kwa sababu mtu amesoma kuhusu omena hapa.

#10 Sufuria_Nzito

Hiyo ya mwisho imenipata, haki. Naunga mkono.

#11 Kamba_ya_Kuruka

Hakuna aliyegusa mazoezi. WHO inasema wastani wa dakika 60 kwa siku kwa miaka 5 hadi 17, za kutoa jasho kiasi au zaidi. Si lazima ziwe mfululizo. Kutembea haraka kutoka stejini dakika 15 kwenda na 15 kurudi, tayari ni nusu. Kamba ya kuruka inatosha kwenye ua wa ploti: sekunde 40 kuruka, 20 kupumzika, mara 15. Wakati mzuri ni kabla tu ya kukaa kusoma, kwa sababu umakini huinuka kidogo kwa muda baada ya jasho. Isiwe saa tatu usiku ikiwa ni mtoto anayechelewa kupata usingizi. Na shule inayonyang'anya kipindi cha michezo ili kufidia silabasi, inawaondolea hasa wale wanaokihitaji.

#12 Mlezi_Eastlando

Nimeshika. Swali langu la mwisho: daftari likishajaa, unalisomaje? Mtu wa kawaida anaona namba tu.

#13 Zamu_ya_Usiku

Mfano wa mstari mmoja wa kubuni: *Alhamisi. Taa 4:20 usiku. Nililala 5:00. Niliamka 10:40. Simu: kitandani. Kinywaji cha nguvu nusu lita, 11:00 jioni. Umakini saa nne: 3. Saa nane: 2.* Usishughulike na mstari mmoja. Linganisha siku.

Chukua alama ya saa nne asubuhi ya kila Jumatatu na kila Alhamisi. Ikiwa Jumatatu ni 7 na Alhamisi ni 3, na saa za kulala zimepungua kuelekea Alhamisi, hilo ni deni. Anza na saa ya taa. Ikiwa alama za saa nne ni nzuri na za saa nane zinaanguka kila siku, angalia alichokula na kunywa kabla ya kushuku kingine. Ikiwa zinabadilika kufuata somo, hesabu 8 na historia 2, angalia kusoma kwenyewe na macho.

Halafu fanya zoezi lile lile likizoni, Aprili au Agosti, akilala saa 9 bila kuamshwa. Siku 4 au 5 za kwanza usizihesabu, analipa deni. Tazama siku ya 6 hadi ya 14. Mpe kazi ya dakika 30 isiyo na mvuto, kama kupanga risiti za kibanda kwa tarehe. Akiimaliza, shida kubwa ilikuwa ratiba. Akilala saa 9 kwa wiki mbili, hana kafeini, simu iko mlangoni, na bado risiti ya tano inamshinda, na ripoti ya darasa la tatu inasema vivyo hivyo, usingoje muhula ufunguliwe. Kamateni miadi likizo ikiwa bado ipo.

#14 Mlezi_Eastlando

Risiti za kibanda. Hiyo naweza.